Kibati cha Namba Hamsini

Mzee hakuwa na nia mbaya. Hilo tuliseme mapema, maana wapo watu ambao mkono wao huwa umeshaokota jiwe kabla hadithi haijaanza. Siku mkwe wake alipolala na homa, gari likiwa limeegeshwa uani, alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akachovya kidole na kukisugua kwa dole gumba. Alichokisikia kilimtisha. Oili ilikuwa nyepesi kama chai ya mwisho wa mwezi. Miaka arobaini ya ufundi ikamwambia kwamba injini ile inauawa polepole, na ndiyo injini iliyokuwa ikilisha nyumba nzima.

Mtaani walimwita Kidole, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Zamani, kibanda chake cha ufundi kikiwa bado kimesimama, alikuwa akigusa oili ya gari na kukwambia imetembea kilometa ngapi na kama mwenye gari ana haraka na breki. Basi jioni ile alikwenda dukani kwa hela yake mwenyewe, akanunua lita nne za oili namba hamsini, nzito, ya bei ya juu kuliko zote kwenye rafu. Akaitoa ile nyepesi, akatia hii. Hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi, na zawadi ya kweli haipigiwi tarumbeta.

Gari lenyewe lilikuwa na mwaka mmoja na miezi minne tangu litoke kwenye kampuni. Waranti yake, yaani dhamana ya kampuni, ilikuwa ya miaka mitatu.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mkwe wake alipowasha gari alisikia mlio kama wa mtu anayetikisa kopo la misumari. Ukakaa sekunde nne, ukaisha. Haukuwa mgeni kwake, kwani siku kadhaa sasa alikuwa akiusikia na kujifanya hausikii. Lakini siku hiyo, wakiwa nusu ya safari, taa ya njano yenye picha ya injini iliwaka kwenye dashibodi na ikakataa kuzima.

Kazi yake ilikuwa kubeba wagonjwa wa figo kuwapeleka kliniki kusafishwa damu na kuwarudisha nyumbani, mara tatu kwa wiki kila mmoja. Wagonjwa walimwita Dereva, nasi tumwite hivyohivyo. Aliyekuwa amekaa nyuma asubuhi hiyo alikuwa mwalimu mstaafu, mtu aliyekonda mwili ila ulimi wake ulikuwa bado na afya tele.

"Dereva, hiyo taa ya njano inasemaje?"

"Inasema nikufikishe kwanza, halafu mimi na yeye tutaongea."

"Basi ina adabu kuliko wanafunzi wangu."

Dereva alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye ile taa. Mkataba wake na kliniki ulikuwa na sharti moja lililopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: gari liwe bado chini ya waranti, na kila baada ya miezi mitatu alete kitabu cha gari kikiwa na muhuri wa karakana ya kampuni. Muhuri uliofuata ulitakiwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Na kwenye maegesho ya kliniki kulikuwa na wanaume wawili wenye magari mapya kuliko lake, waliokuwa wakimsalimia kwa uchangamfu uliozidi kiasi, kila wiki wakiuliza, "Kazi bado ipo, dada?"

Alipomshusha Mwalimu alifungua boneti. Pembeni ya injini, kimefungwa kwa waya mwembamba, palikuwa na kibati kidogo kilichokatwa kwenye kopo, kimetobolewa tarakimu kwa msumari. Juu: 50. Chini yake: 18240. Akakijua palepale. Vibati vya namna hiyo alivikuta vimejaa kwenye sanduku la baba mkwe wake siku alipoolewa. Kila gari lililopita mikononi mwake lilitoka na kibati kipya, ili fundi mwingine atakayelifungua ajue limetiwa nini na lini, na kibati cha zamani kikabaki sandukuni. Magari mengine yalikwishakatwa vyuma chakavu, na vibati vyake Mzee alikuwa bado navyo.

Dereva akafunga boneti taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Alimkuta Kidole uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua skrubu kwa ukubwa ingawa hakuna aliyezihitaji.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi mapema. Gari linakwendaje?"

Ilimuuma jinsi alivyouliza, uso umechangamka, akisubiri sifa. Akasema, "Baba, ndani ya boneti nimekuta kibati chako."

"Aa! Umekiona!" Kidole akacheka. "Sikutaka kusema. Nilikukuta unaendesha maji, mwanangu. Maji ya kunawa mikono! Hawa wa kampuni wanakutilia uji usio na unga, injini ikifika mwaka wa nne ife, ukanunue nyingine. Mimi nimeitia damu nzito."

"Baba, taa imewaka."

Kicheko kikakatika. Dereva akaleta kitabu cha gari, akakaa chini kwenye mkeka karibu na kigoda. Kulikuwa na ukurasa wenye mchoro wa kipimajoto, pembeni yake orodha ya namba za oili. Akamsomea polepole. Sifuri-ishirini ndiyo ya kwanza. Ikikosekana, tano-thelathini kwa dharura, halafu ibadilishwe mapema.

"Hamsini haipo, Baba. Nimeitafuta ukurasa mzima."

"Vitabu vinaandikwa na wauza injini," alisema Kidole. "Lete nione."

Akakishika kitabu kwa urefu wa mkono. Akakisogeza hadi karibu na pua. Akakirudisha mbali tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyesoma na kukataa hoja. Dereva alimtazama, akaelewa kwamba hakuona hata herufi moja.

"Baba, miwani yako iko wapi?"

"Ilivunjika kioo. Siku nyingi."

"Si ulikuwa unaweka hela ya mingine?"

Macho ya Kidole yalikwenda kwenye boneti ya gari, yakabaki huko. Dereva alihisi hasira na huruma vikimjia kwa pamoja, na kati ya hivyo viwili hakujua kipi kimtangulie mdomoni. Angeweza kumlaumu. Angekuwa na haki. Badala yake akaamua kumweleza kama fundi, siyo kama mzee aliyekosea.

"Injini zenu zilikuwa na nafasi, Baba, na hamsini ilizifaa. Hii, njia zake za oili ni nyembamba mno. Fundi wa kule kampuni aliniambia siku ya kwanza. Asubuhi kukiwa na baridi, oili nzito inachelewa kupanda juu."

"Inalia ukiwasha?"

"Inalia."

"Sekunde ngapi?"

"Tatu. Leo nne."

"Juu, upande wa mnyororo wa injini?"

"Juu."

Kidole alifumba macho. Kitabu hakukiamini, lakini mlio alikuwa anaujua. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi nimeikaba koo."

Mume wa Dereva alikuwa fundi rangi, na aliingia saa hiyo nywele zikiwa na madoa meupe. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na akili ya haraka.

"Hili dogo," alisema. "Tunaimwaga leo. Tunatia hiyo sifuri yao. Kuna jamaa ana mashine ya kufuta taa, dakika tano kazi imekwisha. Alhamisi unakwenda kugonga muhuri, unatabasamu, unaondoka."

"Na kama kuna kilichoharibika ndani?" aliuliza Dereva.

"Kikiharibika kitajulikana baadaye, na kwa sababu nyingine."

"Baadaye ni lini? Nikiwa na Mwalimu kiti cha nyuma, ametoka kwenye mashine, hana nguvu hata ya kufungua mlango? Injini ikafia katikati ya barabara?"

"Sasa unataka kujipeleka mwenyewe kwenye mdomo wa mamba? Wakisikia namba hamsini watakufuta waranti kabla hujakaa kwenye kiti. Ukweli haulipi karo, mama."

"Najua haulipi. Lakini gari ndilo linalolipa, na nataka kujua kama ni zima. Mashine yao tu ndiyo inayoweza kuniambia. Na siwezi kuwaambia waangalie huku nikiwaficha pa kuangalia."

Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Kidole alikula kidogo, akaomba samahani, akaenda chumbani kwake.

Alhamisi asubuhi Dereva alifungua boneti kuangalia kiwango cha oili, kibati hakikuwepo. Waya ulikuwa umekatwa, mkato safi wa koleo. Hakuhitaji kuuliza. Mumewe alikuwa anakunywa chai huku akisoma gazeti la wiki iliyopita kwa makini sana.

Lakini aliyeongea alikuwa Kidole. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la harusi na misiba, na mkononi ana dumu la lita tano. Alichungulia ndani ya boneti, akapapasa kwa vidole mahali waya ulipokuwa, akasimama wima.

"Nani amekata jina langu?"

Mwanawe akashusha gazeti. "Baba, lile ni ushahidi. Ni sawa na kujiandikia kesi mwenyewe."

"Kwani niliandika ili nini?" Sauti ya mzee haikupanda, na ndiyo maana ilitisha. "Miaka arobaini nimetia oili magari ya watu. Nyingine nilitia vizuri, nyingine nilikosea, na zote nilitoboa. Mtu anayetoboa akiwa sahihi tu, huyo si fundi, huyo anajitangaza. Kiko wapi?"

Mwanaume mzima wa miaka arobaini na mbili akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa la taka, akapekua maganda na majivu. Alirudi na kibati, akakifuta kwa shati lake, akampa baba yake kwa mikono miwili. Kisha akaingia ndani bila kumtazama mkewe.

"Twende," alisema Kidole, akafungua mlango wa gari.

"Baba, si lazima uje. Nitaeleza mwenyewe."

"Utaeleza nini? Wewe ulikuwa na homa."

Karakana ya kampuni ilikuwa na sakafu inayong'aa kuliko sahani za watu wengi. Kwenye mapokezi kulikuwa na viti vyeupe. Kidole alipotaka kukaa, binti wa mapokezi aliruka, akatandika karatasi ya plastiki juu ya kiti.

"Samahani, mzee, ni utaratibu tu."

"Asante sana, mwanangu. Nilikuwa naogopa kiti chenu kitanichafulia shati."

Binti aliona haya. Akamgeukia Dereva, vidole kwenye kompyuta. "Shida ya gari?"

"Taa ya injini. Na limetiwa oili isiyo yake. Namba hamsini."

Vidole vikasimama. Binti akainama mbele, akashusha sauti. "Dada, nikiandika hivyo hakuna kurudi nyuma. Naweza kuandika 'taa imewaka' tu. Wataangalia wenyewe."

Tusimpambe Dereva: aliwaza. Aliwaona wale wanaume wawili wa kwenye maegesho wakigombania namba ya simu ya Mwalimu. Aliona Ijumaa ikifika na kitabu hakina muhuri.

"Andika," alisema. "Na kilometa ni elfu kumi na nane mia mbili na arobaini, siku ilipotiwa."

Mkuu wa karakana alikuwa mama wa makamo mwenye koti la bluu na kalamu tatu mfukoni. Alimpokea Dereva kwenye mstari wa njano uliochorwa sakafuni, ambao wateja hawakuruhusiwa kuuvuka, na hakupoteza muda kwa salamu ndefu.

"Nimesoma maelezo yako. Nakushukuru kwa kusema, wengi wanaapa kwa makaburi ya mama zao. Lakini nieleweshe. Gari sasa lina elfu kumi na tisa mia moja sitini na tano. Unasema hamsini imetembea kilometa mia tisa na kidogo. Mara ya mwisho tuliligusa sisi lilikuwa na elfu kumi na tano. Nitajuaje kwamba hii haijatembea elfu nne? Mia tisa naweza kuzitetea kwa wakubwa wangu. Elfu nne siwezi."

Nyuma yake Dereva alisikia mlinzi akiita, "Mzee! Mzee, mstari!" Kidole alikuwa ameshauvuka, dumu mkononi, viatu vyake vya zamani vikiacha alama kwenye sakafu ile.

"Mimi ndiye niliyetia," alisema. "Huyu alikuwa mgonjwa kitandani, hajui lolote. Muulize mwenye kosa."

Akaweka kibati kwenye meza ya vyuma, na kando yake dumu. Shingoni mwa dumu palikuwa na kibati cha pili.

"Hii ndiyo oili yenu niliyoitoa. Mimi simwagi oili ya mtu mpaka mara inayofuata, akitaka kuiona aione. Soma hapo. Imetoka kwenye elfu kumi na nane mia mbili na arobaini. Lita tatu na nusu, hakuna tone lililopotea. Ipime. Kama ilifanya kazi kilometa elfu tatu na zaidi itakwambia yenyewe."

Mama wa koti la bluu alisoma vibati vyote viwili. Akafungua dumu, akainamisha kidogo kwenye kikombe cheupe, akatazama rangi kwenye mwanga. Kisha, bila kujua kwamba anatazamwa na mtu ambaye mtaa mzima ulimwita kwa kitendo hicho, alichovya kidole na kusugua kwa dole gumba. Kidole aliliona hilo. Akanyoosha mgongo.

"Kaeni," alisema yule mama. "Nyote wawili. Na mzee akae huku ndani, atuonyeshe."

Ilichukua saa tatu. Waliunganisha mashine, wakatoa ile hamsini, wakakata chujio la oili na kulikunjua juu ya kitambaa cheupe. Kidole hakuweza kuona vizuri, akaomba apapase. Alipitisha vidole kwenye kila mkunjo akitafuta unga wa chuma, na Dereva aliyekuwa amekaa kando akainuka, akasogea karibu.

"Hakuna," alisema Kidole.

"Hakuna," alikubali yule mama. "Mngesubiri miezi miwili, ungekuwepo."

Kilichokwama ni vali ndogo inayoongoza oili juu ya injini. Hiyo, alisema, haimo kwenye waranti, wala kazi ya kuisafisha injini, wala oili mpya. Walipe wenyewe. Akataja bei, na Dereva akamwomba airudie, ingawa alikuwa ameisikia vizuri. Ilikuwa mapato ya zaidi ya wiki mbili. "Lakini injini inabaki mikononi mwetu mpaka mwaka wa tatu uishe. Nitaandika kwenye kitabu kilichotokea, na muhuri wenu mtapata. Ikitokea tena, msinitafute."

Dereva alifungua kitabu cha gari ili apigiwe muhuri, na kwenye ukurasa wa kipimajoto akakuta bahasha. Ndani yake kulikuwa na malipo ya awali ya nyumba ambayo mumewe alikuwa aanze kuipaka rangi Jumatatu, yote. Hakukuwa na barua. Alisimama pale mapokezi akakaza macho yasitoe machozi mbele ya wenye viti vyeupe.

Yule mama aliandika mistari minne kwenye kitabu. Kulikuwa na nafasi ya sahihi ya fundi aliyetia oili, ambayo kwa kawaida husainiwa na watu wa kampuni tu. Alisita, kisha akamgeuzia Kidole kitabu.

"Umeandika kwa herufi kubwa?" aliuliza mzee.

"Za kawaida."

"Ongeza. Kosa la mtu mzima halifichwi kwenye herufi ndogo."

Mama akaandika upya, kubwa, na Kidole akaweka sahihi chini yake.

Ijumaa kliniki ilipokea kitabu. Karani akatafuta muhuri, akauona, akakirudisha bila kusoma mistari minne iliyokuwa juu yake. Wale wanaume wawili waliuliza kama kazi bado ipo. "Ipo," alijibu Dereva, na akawaaga kwa heshima zote.

Jioni alimkuta Kidole kwenye kigoda, kipande cha bati miguuni, msumari na nyundo mkononi. Vibati haviruhusiwi ndani ya boneti ya gari lenye waranti, kule karakana walimwambia hivyo waziwazi. Basi hiki kitakaa kwenye funguo.

"Soma namba," alisema.

"Baba, kwanza tuongee kuhusu miwani. Mwezi ujao, kabla ya kitu kingine chochote..."

"Soma namba, mwanangu."

"Sifuri. Ishirini."

"Sifuri," alirudia Kidole kwa masikitiko, kama mtu anayetajiwa jina la mkwe asiyemtaka. Akaanza kutoboa. Ile sifuri ilimchukua matundu manane, na kila tundu alilipapasa kabla ya kwenda kwenye jingine. Alipomaliza alikwenda kwenye gari, akafungua boneti, akachomoa kijiti, akachovya kidole, akasugua. Uso ukamkunjamana.

"Maji," alisema. "Maji matupu."

Akakirudisha kijiti mahali pake, akakibana vizuri, akafunga boneti. Kisha akafunga kibati kwenye funguo kwa waya, mizunguko mitatu, akavuta kuhakikisha hakitoki, akampa mkwe wake.

"Nenda ukalale. Kesho Mwalimu asichelewe."